Tutajieni mwezi, msitutajie msimu

Ndugu Mhariri,

Jumapili mbili zilizopita ukurasa wenu wa safari ulitoa makala ndefu kuhusu pa kwenda duniani katika kila msimu. Mpwa wangu aliikata kwa mkasi, akaikunja mara nne, akanijia nayo mfukoni kama mtu aliyebeba hati ya kiwanja. Likizo yake ni Julai. Chini ya neno "kiangazi", makala yenu imemshauri msafiri aende kusini kabisa mwa Chile na Argentina, kwenye milima ya Patagonia, alale hemani na kutembea kando ya maziwa yanayolishwa na barafu. Na kwa kuwa kisanduku cha juu cha makala hiyo hiyo kimesema kiangazi ni Juni, Julai na Agosti, kijana alipiga hesabu ambayo yeyote angeipiga. Alikuja kuniuliza kama hema jepesi litamtosha.

Nilimwambia achukue koti. Kisha nikamwambia asiende.

Julai, kule Patagonia, ni katikati ya baridi. Mchana una urefu wa karibu saa nane tu, njia za juu zimezibwa na theluji, na nyumba nyingi za wageni zilizo milimani zimefungwa mpaka baridi ipungue. Wapanda milima huenda kule kati ya Novemba na Machi, na hata miezi hiyo upepo wake una uwezo wa kumyumbisha mtu mzima mwenye begi mgongoni. Mahali mwandishi wenu alipochagua ni pazuri sana. Ila aliandika "kiangazi" akaona neno limemaliza kazi, kumbe kiangazi cha Paris na kiangazi cha Patagonia vimepishana miezi sita.

Ombi langu kwenu ni hilo tu, mengine yote nitakayoandika ni ushahidi: mkitushauri pa kwenda, tutajieni mwezi.

Mniruhusu niseme ni nani anayeandika, maana barua za wasomaji wanaojua kila kitu huchosha. Nilikuwa mkalimani wa mikutano kwa miaka 26, Kifaransa na Kiingereza kwenda Kiswahili na kurudi. Kazi hiyo humfikisha mtu mbali lakini haimpi kuchagua tarehe. Mwaliko huja na mji na siku zake. Kazi yako ni kupakia nguo. Waandaaji nao hupenda kukodi kumbi wakati zinapokuwa rahisi, na kumbi huwa rahisi katika miezi ambayo watu wenye hiari yao hawaendi huko. Kwa hiyo dunia nimeiona vizuri, ila nimeiona katika miezi yake mibaya. Nimeloa, nimeungua, nimekwama viwanja vya ndege kwa ukungu, na kila mara mwenyeji wangu aliniambia sentensi ile ile kwa lugha yake: ungekuja miezi mitatu iliyopita.

Nianze na mwanga, kwa sababu makala yenu haikuutaja hata kwa neno moja, na mwanga ndio uliowahi kunivuruga kuliko mvua yoyote.

Mwaka mmoja nilipelekwa Tromsø, kaskazini mwa Norwei, mwezi Juni. Mji huo uko ndani ya ukanda wa Aktiki, na kuanzia karibu tarehe 20 Mei hadi 22 Julai hivi jua halizami kabisa. Nilikuwa nimeyasoma hayo, nikadhani ni namna ya kusema tu. Usiku wa kwanza nilifunga mapazia ya chumba, mazito kama blanketi, na bado mstari mwembamba wa mwanga ulipenya pembeni ukalala juu ya mto wangu kama rula. Nikaamka. Saa yangu ilionyesha saba. Saba ya nini? Hapo ndipo Kiswahili kiliponitupa mkono: saa zetu tunazihesabu tangu jua lichomoze, na jua la pale halikuwa limechomoza wala kuchwa tangu mwezi uliotangulia. Nikachungulia dirishani. Upande wa pili wa maji mzee mmoja alikuwa akiipaka boti yake rangi, taratibu, bila taa, mbwa wake amelala kivulini. Kivuli, saa saba ya usiku!

Katika mkutano ule alikuwepo mjumbe aliyekuja na kamera kubwa pamoja na stendi yake, tayari kupiga picha za mianga ya kaskazini, ile ya kijani inayocheza angani. Siku ya tatu alimwendea binti wa mapokezi akamuuliza kwa adabu mianga huanza saa ngapi. Binti yule alimtazama kwa huruma, akamjibu: "Septemba."

Mianga ile huhitaji giza. Huenda ilikuwa ikicheza juu ya vichwa vyetu muda wote tukiwa tunabishana kuhusu ibara za azimio, lakini nani ataona mshumaa juani? Wanaoifuata huenda kati ya Septemba na mwisho wa Machi. Na atakayesema basi nitakwenda Desemba nipate giza la kutosha, ajue kwamba tangu mwishoni mwa Novemba hadi katikati ya Januari jua la Tromsø halipandi juu ya upeo wa macho. Adhuhuri kuna weupe wa buluu kwa muda mfupi, basi. Wapo wanaoupenda. Mimi ningekwenda Machi mwanzoni, mchana umerudi na usiku bado upo. Baridi yake, kwa taarifa yenu, si ya kutisha kama ramani inavyoashiria, kwa sababu mkondo wa maji ya uvuguvugu kutoka Atlantiki hupita pwani ile. Kuna miji mingi ya bara iliyo kusini zaidi ambayo huganda kuliko Tromsø.

Si lazima mtu afike Aktiki ili aibiwe mchana. London, wiki ya tatu ya Desemba, jua huzama kabla ya saa kumi jioni. Mgeni aliyelala hadi saa nne asubuhi, akanywa chai yake polepole, amebakiwa na saa tano za kuuona mji. Juni, mji huo huo humpa mwanga mpaka saa tatu na zaidi usiku. Tiketi mbili za mji mmoja, na moja imekupa siku iliyo mara mbili ya nyingine.

Sababu ya haya yote ni mwinamo wa dunia, nyuzi 23.4, na wala si umbali wetu na jua. Nayasema kwa kuwa makala yenu iliandika kwamba kiangazi huja dunia inapolisogelea jua. Sivyo. Dunia huwa karibu zaidi na jua mwanzoni mwa Januari, kiasi cha kilomita milioni 147, na mbali zaidi mwanzoni mwa Julai, kilomita milioni 152. Ingekuwa ni ukaribu, London na Sydney zingeungua pamoja mwezi wa kwanza. Badala yake Sydney iko ufukweni Januari huku London ikijifunga skafu. Na ifikapo Julai, watu wa Queenstown, New Zealand, ndio wanaoteleza kwenye theluji.

Sasa nije kwenye lugha, ambako nina ugomvi wa kitaalamu. Mliandika kwamba Kyoto, Japani, ni pazuri "wakati wa vuli". Mnajua vizuri Kiswahili kinaita nini vuli: mvua fupi, za mwisho wa mwaka. Kamusi na wafasiri, nami nikiwamo, tulipotafuta neno la majira ambayo majani hupukutika kule kwenye baridi, tuliazima hilo kwa kuwa miezi inalingana. Kiangazi tukakipa kazi ya majira ya joto, kipupwe tukakipa ya majira ya baridi, na wapo walioita masika majira ya kuchipua. Kwenye kibanda cha ukalimani, mtu anapozungumza kwa kasi, neno la kuazima linaokoa. Kwenye ukurasa wa safari linaangamiza. Mwenzangu mmoja wa kazi alikwenda Kyoto mwezi Novemba na miavuli miwili na viatu vya mpira kwa sababu alisoma "vuli". Alikuta anga safi kwa wiki nzima, miti ya Kijapani iitwayo kaki imezaa matunda ya rangi ya chungwa, na ile miti yenye majani kama viganja vya mtoto imewaka nyekundu mpaka kwenye paa za mahekalu. Mwavuli aliufungua mara moja tu, akijikinga jua. Mvua za Japani, zile za mfululizo, ni za Juni hadi katikati ya Julai, na vimbunga vyake hukaza kati ya Agosti na Oktoba. Hapo "kiangazi" chenu ndicho kilichohitaji mwavuli.

Na kuhusu maua ya micheri, ambayo mliyaweka "majira ya kuchipua" na kuishia hapo: Kyoto na Tokyo huchanua mwisho wa Machi na mwanzo wa Aprili, na maua kamili hayadumu zaidi ya wiki moja hivi. Kutoka hapo kuchanua hupanda kwenda kaskazini hadi kisiwa cha Hokkaido, ambako hufika mwishoni mwa Aprili na kuingia Mei. Aliyechelewa Kyoto anaweza kuyafukuza kwa treni. Ila nikiri kwamba hata mwezi nao si amana: watu wa Kyoto wana kumbukumbu za kuchanua kwa zaidi ya miaka 1,200, na mwaka 2021 kilele kilifika tarehe 26 Machi, mapema kuliko mwaka wowote uliokuwa umeandikwa hadi hapo. Atakayekata tiketi ya Aprili katikati kwa kufuata kitabu cha zamani atakuta majani mabichi.

Kuna eneo moja, hata hivyo, ambalo lugha yetu inaijua misimu yake kuliko Kiingereza na Kifaransa vikiunganishwa, na inanishangaza kwamba gazeti la Kiswahili halikulitumia. Nazungumzia Bahari ya Hindi. Upepo tunaouita kusi hutoka kusini, huvuka Ikweta, hukunja kulia kwa sababu ya mzunguko wa dunia, ukaipiga pwani ya magharibi ya India ukiwa umejaa maji. Hufika Kerala karibu tarehe 1 Juni, Delhi mwishoni mwa mwezi huo, na kufikia katikati ya Julai umeshaifunika nchi nzima. Septemba huanza kurudi nyuma, ukitokea Rajasthan. Kisha hugeuka, na kaskazi huanza kuvuma. Mjumlishe na hili: Chennai, upande wa mashariki, hupata sehemu kubwa ya mvua yake Oktoba hadi Desemba, wakati huo wa kaskazi, wakati ambao vitabu vyote vinasema "nendeni India sasa, kumekauka". Kumekauka Rajasthan. Chennai watu wanakunja suruali.

Nililijua vizuri jambo hili Sri Lanka. Mkutano ulikuwa Colombo, mwezi Juni, na kwa siku tano mvua ilinyesha kama iliyopewa mkataba. Vitambulisho vyetu vya karatasi vililegea shingoni. Jumamosi dereva wetu, mtu mfupi asiyependa maneno mengi, alituuliza kama tunataka kuona jua. Tukacheka. Akawasha gari. Tulipanda kuelekea vilimani wiper zikienda kasi ya juu, ukungu umekaa barabarani, chai imelowa pande zote. Baada ya saa kadhaa tukaanza kushuka upande wa pili, na pale mahali fulani baada ya Dambulla nikaona kitu ambacho sijakisahau: lami iligawanyika. Nyuma yetu ilikuwa nyeusi kwa maji, mbele yetu ilikuwa kijivu na kavu, kama mtu alikuwa akiosha sakafu akaitwa. Vumbi likaanza kuingia dirishani. Tulipofika Trincomalee bahari ilikuwa imelala kama sinia, na watoto waliogelea.

Dereva alielekeza kidole nyuma kwenye vilima. Kusi huja na maji yake, hugonga vilima upande wa kusini-magharibi, huyamwaga pale, halafu huvuka mkavu. Kati ya Desemba na Februari mambo hugeuka: kaskazi huinyeshea Trincomalee, na fukwe za kusini-magharibi hupata jua. Kisiwa ambacho unakivuka kwa gari mchana mmoja kina misimu miwili kwa wakati mmoja. Mkiandika "Sri Lanka: nendeni wakati wa kiangazi", mnampeleka msomaji ufukwe upi?

Thailand ni hadithi hiyo hiyo kwa sura nyingine. Phuket, upande wa magharibi, hutulia Novemba hadi Aprili. Koh Samui, upande wa mashariki, hupata mvua zake kubwa Oktoba hadi Desemba. Na anayelazimika kwenda India Julai asikate tamaa: Ladakh, nyuma ya Himalaya, huwa kavu, kwa sababu milima imeizuia mvua, na ndio wakati njia zake za juu ziko wazi. Leh iko kwenye mwinuko wa mita 3,500 hivi, kwa hiyo siku mbili za mwanzo mtu apumzike tu, asijitie ushujaa.

Delhi yenyewe, nikiwa bado nipo huko, nawashauri Februari. Wengi hukimbilia Desemba na Januari wakijua joto limepungua, na kweli limepungua, lakini kuna ukungu wa kukatwa kwa kisu. Nimewahi kukaa uwanja wa ndege kwa muda wa saa kumi na moja nikitazama ubao ambao kila dakika kumi uliandika neno lile lile. Nikajifunza kulisoma kwa Kihindi.

Mhariri, kuna jambo la picha. Mnapochapa picha nzuri bila mwezi mnatuuzia mbuzi kwenye gunia, na hapa simcheki msomaji yeyote, maana mbuzi huyo nilimnunua mwenyewe. Nilipostaafu nilitumia akiba yangu kwenda Bolivia, kwenye uwanda wa chumvi wa Uyuni. Nilikuwa nimeona picha: mtu amesimama juu ya mawingu, mbingu juu, mbingu chini, uwanda mzima umekuwa kioo. Nikaenda Julai. Nilikuta weupe mkavu hadi macho yanapoishia, zaidi ya kilomita za mraba 10,000, ukiwa umepasuka vipande vya pembe sita kama vigae vilivyopangwa na fundi mvumilivu. Usiku maji yaliganda ndani ya chupa yangu. Kioo hakikuwepo. Kioo hutokea Januari hadi Machi, mvua zinapoacha maji kidogo juu ya chumvi. Miezi hiyo ndiyo ambayo vitabu huiita mibaya, na si uongo, kwa sababu maji yakizidi magari hayafiki kwenye kisiwa cha midungusi kilicho katikati ya uwanda. Kwa hiyo kuna anayetaka kioo na kuna anayetaka vigae na kisiwa. Sikujuta vigae, vilikuwa vizuri. Lakini nilisafiri siku tatu kutafuta kitu kingine.

Maporomoko ya Mosi-oa-Tunya (Victoria), kati ya Zambia na Zimbabwe, ni vivyo hivyo. Jina lenyewe ni moshi unaonguruma, na Mswahili hahitaji mkalimani kwa neno la kwanza. Moshi huo ni mzito zaidi karibu na Aprili, mto Zambezi unapofurika. Hapo utasikia maporomoko kifuani, utaloa mpaka kwenye soksi, na pengine hutaona chochote zaidi ya weupe. Oktoba na Novemba maji hupungua kiasi kwamba upande wa Zambia hubaki mwamba mtupu sehemu kubwa, na ukuta wenyewe, mita 108, unauona wazi. David Livingstone alifika Novemba 1855. Najiuliza angeandika nini kama angefika Aprili.

Kuhusu vimbunga vya Karibi nitakuwa mfupi, maana ni suala la kalenda tu: msimu wao rasmi ni tarehe 1 Juni hadi 30 Novemba, na kilele ni karibu tarehe 10 Septemba. Ukiona hoteli za huko zimeshusha bei Septemba, si ukarimu. Aruba na Curaçao ziko kusini na hupigwa mara chache sana.

Zaidi ya anga kuna watu, na watu nao wana misimu yao. Wiki inayoanza tarehe 1 Oktoba China nzima iko likizo. Nilikwenda Ukuta Mkuu siku hizo na ninachokumbuka ni kisogo cha bwana aliyekuwa mbele yangu, alikuwa na kovu dogo nyuma ya sikio la kushoto. Japani ina wiki yake, mwisho wa Aprili na mwanzo wa Mei. Agosti, Paris, mwenye duka dogo amebandika karatasi mlangoni kwamba ameondoka, na Italia yote husimama tarehe 15. Kwa Ulaya mimi hupenda kingo za msimu: Mei kabla shule hazijafungwa, Septemba zinapokuwa zimefunguliwa, bahari ya Mediterania ikiwa bado na joto iliyokusanya miezi mitatu.

Waliolielewa hili mapema kuliko sisi wote ni wanaokwenda Hija. Wao hawachagui tarehe, na tarehe yao hurudi nyuma siku 11 hivi kila mwaka wa kalenda ya jua. Juni 2024 joto la Makka lilipita nyuzi 50; kufikia mwishoni mwa miaka ya 2030 ibada hiyo hiyo itakuwa imeangukia miezi ya baridi. Ukimuuliza mzee anayejiandaa, hatakwambia "kiangazi". Atakwambia mwaka huu inaangukia mwezi gani, na atabeba nguo na dawa kwa hesabu hiyo.

Basi makala yenu ijayo, na naomba iwepo, iondoe visanduku vile vinne. Mahali pakitajwa, mwezi uandikwe kwa jina lake la kawaida, na pakiwa na pande mbili zenye mvua tofauti, upande utajwe. Saa za mchana zisisahauliwe kwa miji ya mbali kaskazini na kusini. Na chini ya kila picha, karibu na jina la mpiga picha, pawekwe mwezi ilipopigwa. Hilo la mwisho halitawachukua hata nusu mstari.

Mpwa wangu, kwa kuwa najua mtataka kujua, amekubali kuiacha Patagonia kwa sasa. Likizo yake haihamishiki, kwa hiyo tulikaa na ramani tukatafuta Julai inakubali wapi, na amechagua Peru. Machu Picchu huwa kavu Mei hadi Septemba, na ile njia ya kale ya Wainka ya kwenda kwa miguu iko wazi. Mwezi inaofungwa kila mwaka ni Februari. Alifurahi sana, akakunja ramani, akainuka, akaniuliza kama lile koti sasa alirudishe kabatini. Nikamwonyesha Cusco kwenye ramani, mita 3,400 juu ya bahari, ambako usiku wa Julai hukaribia kuganda.

Koti linakwenda.

Wenu msomaji wa siku nyingi,
Mkalimani mstaafu